Treni Imechelewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Abiria wa Safari Ndefu

Ukurasa huu ni wa abiria wa treni za masafa marefu: safari za saa sita, usiku kucha au siku mbili, ambazo ukikwama katikati huwezi kushuka tu ukatafuta basi. Utaona majibu mengi yanarudi palepale. Kabla ya kuuliza "tutaondoka saa ngapi", uliza "tumesimama kwa nini". Ukishajua sababu unaweza kukadiria muda mwenyewe, na mara nyingi utakadiria vizuri kuliko tangazo.

Treni huhesabiwa imechelewa kuanzia dakika ngapi?

Inategemea anayehesabu. Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, huhesabu treni imefika kwa wakati mradi haijatimiza dakika 6 za kuchelewa. Uswisi wana ukali zaidi: dakika 3. Marekani, kipimo kilichowekwa mwaka 2020 kwa treni za Amtrak, shirika la reli la abiria la nchi hiyo, humwangalia abiria badala ya treni: angalau abiria 80 kati ya 100 wafike kituo chao ndani ya dakika 15 za muda wa ratiba.

Kwako wewe kipimo ni kimoja tu, nacho ni saa uliyofika unakokwenda. Treni inaweza kuondoka imechelewa dakika 40 ikafika imechelewa 10, na kinyume chake pia hutokea. Fidia nazo, karibu kote zinakotolewa, hupimwa kwa kuchelewa kufika.

Kwa nini treni za masafa marefu huchelewa zaidi ya zile za mjini?

Treni ya kilomita 1,000 hupita mikononi mwa waongoza treni kadhaa (wanaoamua kutoka ofisini treni ipi ipite wapi na lini), hubadilisha madereva njiani, huvuka sehemu zinazokarabatiwa, na mara nyingi hutumia reli moja na treni za mizigo. Kila hatua ina nafasi yake ya kuharibika, na kosa la saa ya kwanza linasafiri nawe hadi mwisho.

Kupishana na mizigo kuna kichekesho chake. Marekani, treni za Amtrak hutembea kwa sehemu kubwa juu ya reli za kampuni za mizigo, na sheria ya tangu 1973 inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele. Lakini treni ya mizigo iliyo ndefu kuliko njia ya kupishia haiwezi kuingia pembeni hata dereva wake akitaka. Basi mwenye haki ndiye anayeingia pembeni na kusubiri.

Tulichelewa dakika 20 tu. Imekuwaje sasa ni saa moja?

Hili ndilo swali linalowakera abiria kuliko yote, na jibu lake liko kwenye reli ya njia moja. Chukua stesheni mbili, A na B, zilizoachana kilomita 25, na kati yake kuna reli moja tu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kipande hicho ni dakika 30. Ratiba inasema treni yako ipite A saa 4:00 asubuhi, ifike B saa 4:30, na treni inayotoka upande wa pili iwe imekusubiri B tangu saa 4:15.

Sasa wewe umechelewa dakika 20. Mwongoza treni anaona kwamba akikusubiri, ile treni iliyo kwenye muda wake nayo itachelewa. Kwa hiyo anairuhusu iondoke B saa 4:15. Wewe unafika A saa 4:20 na kukuta kipande kimekaliwa. Treni ile inafika A saa 4:45, njia inabadilishwa, ishara inafunguliwa, unaondoka saa 4:50. Dakika 20 zimekuwa 50, na hakuna aliyekosea hapo. Kwenye kituo cha kupishania kinachofuata mchezo ni uleule, na safari hii unaingia ukiwa na deni kubwa zaidi.

Ndiyo maana huonekana kama treni iliyochelewa inaonewa. Kanuni ya waongoza treni wengi ni kwamba iliyochelewa isiicheleweshe iliyo sawa. Ni kanuni ya haki kwa reli nzima, hata kama ni chungu kwako.

Nikijua sababu, nikadirie muda gani?

*Kupisha treni nyingine.* Dakika 10 hadi 45. Dalili yake ni kwamba mmesimama kwenye stesheni au njia ya pembeni, umeme upo, wahudumu wametulia. Ikishapita treni ya upande wa pili, mtaondoka ndani ya dakika chache. Mkibaki, kuna nyingine inakuja nyuma yake.

*Hitilafu ya ishara.* Ishara ikiharibika hubaki nyekundu, kwa makusudi, maana hivyo ndivyo ilivyoundwa. Dereva hupewa kibali cha kuipita kwa mwendo wa polepole, tayari kusimama muda wowote. Utahisi treni inatambaa, inasimama, inatambaa tena. Kila ishara inaweza kula dakika 5 hadi 15.

*Kichwa cha treni kimekufa.* Hapa fanya hesabu. Dereva kwanza hujaribu kukitengeneza, jambo linaloweza kuchukua nusu saa. Ikishindikana, huombwa kichwa kingine. Kama karakana iko kilomita 120 na kichwa hicho kitakuja kwa kilomita 60 kwa saa, ni saa mbili za njiani. Ongeza saa moja ya kumpata dereva na kukiandaa. Kikifika, lazima kiungwe, bomba la breki lijazwe hewa hadi shinikizo la kama bar 5, na breki zikaguliwe hadi behewa la mwisho. Hiyo ni nusu saa nyingine. Ukisikia "tunasubiri kichwa", saa nne si uvumi wa kutia hofu.

*Waya wa umeme wa juu umekatika.* Saa kadhaa, na behewa litakuwa bila kiyoyozi. Mafundi lazima kwanza wazime umeme wa sehemu hiyo na kuthibitisha umezimika ndipo waguse chochote.

*Mnyama amegongwa.* Mara nyingi ni chini ya saa moja, isipokuwa bomba la breki limepasuka. *Mtu amegongwa* ni jambo jingine: polisi lazima wafike, na dereva aghalabu hubadilishwa. Tegemea saa mbili au zaidi, hasa mbali na mji.

*Wafanyakazi wamemaliza saa zao.* Sheria za nchi nyingi zinaweka ukomo wa saa za kazi. Marekani ni saa 12 kwa dereva na wenzake. Zikiisha, treni husimama pale ilipo hadi wengine waletwe, wakati mwingine kwa gari. Treni iliyokwisha kuchelewa sana ndiyo iliyo hatarini zaidi kupatwa na hili, kama vile msiba hauji peke yake.

*Maji yamekula tuta.* Usihesabu kwa saa, hesabu kwa siku. Kokoto zikisombwa chini ya mataruma, reli inabaki ikining'inia, na hakuna atakayeruhusu treni ipite. Mtarudishwa nyuma au mtahamishiwa mabasi. Anza kupanga njia nyingine siku hiyohiyo.

Joto linahusianaje na treni kupunguza mwendo?

Chuma hutanuka. Kipande cha reli cha kilomita 1, kikiachwa huru, huongezeka takriban sentimita 35 joto likipanda nyuzi 30. Reli za kisasa zimeungwa kwa kulehemu na kubanwa zisisogee, kwa hiyo nguvu hiyo hubaki ndani ya chuma ikitafuta pa kutokea. Ikizidi, reli hupinda pembeni kama nyoka. Tahadhari yake ni kupunguza mwendo saa za jua kali.

Gharama yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kilomita 10 kwa mwendo wa 100 kwa saa ni dakika 6. Kwa mwendo wa 30 ni dakika 20. Umepoteza dakika 14, bado hujahesabu muda wa kupunguza mwendo na wa kuuchukua upya. Vipande vitatu vya namna hiyo ni zaidi ya dakika 40.

Tangazo lilisema dakika 30, zikapita, likasema 30 tena. Wanatudanganya?

Mara chache ni uongo. Mara nyingi msimamizi wa treni ameambiwa "subiri taarifa baada ya nusu saa", naye akatangaza "nusu saa". Hizo ni dakika 30 hadi taarifa nyingine, si dakika 30 hadi kuondoka.

Muulize mambo matatu yenye jibu: tumesimama kwa sababu gani, tunasubiri nini hasa (treni ipite, fundi afike, kichwa kije), na hicho tunachokisubiri kiko wapi sasa. Akijibu la tatu, unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Akisema hajui, huenda kweli hajui. Mwenye picha kamili ni mwongoza treni aliye mbali, na mara nyingi msimamizi husikia habari kupitia dereva. Muulize kwa heshima, mbali na kundi linalopiga kelele. Mtu aliyezingirwa hutoa jibu fupi ili aachwe.

Treni iliyochelewa inaweza kufidia muda njiani?

Ndiyo, kwa kiasi. Ratiba nyingi huwekwa akiba ya dakika, aghalabu kabla ya kituo kikuu au cha mwisho. Utaiona kwenye ratiba yenyewe: kipande kinachochukua dakika 40 kwenda kimepewa dakika 55 kurudi. Pia stesheni ambako treni husimama nusu saa kubadilisha madereva na kujaza maji zinaweza kufupishwa hadi dakika 10.

Hapa ndipo wengi huachwa. Walisikia "imechelewa saa mbili", wakaondoka stesheni kwenda kula, treni ikafika imechelewa saa moja na dakika ishirini, ikaondoka. Makadirio hayamfungi mtu. Rudi jukwaani walau dakika 45 kabla ya muda uliotangazwa, na kila baada ya nusu saa angalia tena. Na ukishuka kunyoosha miguu kwenye stesheni ya katikati, usisogee mbali na mlango wa behewa lako.

Nitajuaje tulipo na mwendo wetu bila intaneti?

Pembeni mwa reli nyingi kuna vibao au nguzo fupi zenye namba za kilomita. Hesabu sekunde kutoka kibao cha kilomita moja hadi kingine, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 72 ni kilomita 50 kwa saa. Sekunde 45 ni 80. Sekunde 120 ni 30 tu. Pima mara mbili tatu, maana treni hupunguza kwenye kona. Ukijua stesheni yako iko kilomita ya ngapi, una makadirio yako mwenyewe. Vibao vyenye alama za kati ya kilomita visikuchanganye; fuata namba nzima.

Simu nayo inasoma GPS bila intaneti, mradi ulipakua ramani kabla ya kuondoka. Ishike karibu na dirisha na uipe dakika moja au mbili. Baadhi ya vioo vya treni za kisasa vina utando wa chuma unaozuia mawimbi. Ikishindikana, jaribu karibu na mlango.

Nibebe nini kwa ajili ya kuchelewa, mbali na mizigo ya kawaida?

Pakia kwa safari yako pamoja na nusu yake. Safari ya saa 16 ipakie kama ya saa 24.

Maji yatangulie. Kwa mtu mzima, lita 3 kwa saa 24, na chupa ya lita moja na nusu ambayo huifungui hadi mkwame. Kwenye joto kali bila kiyoyozi hata hizo zitakwisha upesi.

Chakula kiwe kikavu au chenye ganda lake: mkate, biskuti, karanga, matunda ya kumenya. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, saa 1. Ulichofungasha asubuhi hakifai kuliwa jioni, hata kama kinanukia vizuri. Tumbo kuharibika kwenye treni iliyokwama ni adhabu usiyotaka kuijaribu.

Kuhusu chaji, usisome namba iliyoandikwa kwenye pawabenki ukaiamini. Ile ya mAh 10,000 ikishapoteza nguvu kwenye kubadilisha volti hutoa takriban 6,000 hadi 6,500. Simu yenye betri ya 5,000 utaijaza mara moja na kidogo. Kwa safari ya usiku kucha na zaidi, beba ya 20,000, na uanze kubana mapema: punguza mwanga wa skrini, na mtandao ukiwa dhaifu weka simu katika hali ya ndege. Simu inayotafuta mtandao porini hula betri kuliko unapoitumia mjini.

Kisha karatasi ya chooni, sabuni ndogo, tochi, nguo moja nzito (usiku kiyoyozi kikifanya kazi huwa ni baridi; kisipofanya ni joto), na pesa taslimu kiasi. Mashine ya kadi haifanyi kazi pasipo mtandao.

Dawa je?

Beba za siku mbili zaidi, na zikae kwenye mkoba ulio nawe kitini, si kwenye sanduku lililoenda behewa la mizigo. Insulini ya aina nyingi ikishaanza kutumika hukaa nje ya friji hadi siku 28 mradi joto halizidi nyuzi 30. Soma kikaratasi cha aina yako. Iweke mbali na dirisha lenye jua, na isigusane moja kwa moja na barafu, kwani ikiganda haifai tena. Anayetumia insulini abebe pia kitu cha sukari, maana kuchelewa huvuruga saa za kula.

Kwa wanaokunywa vidonge kwa saa maalumu, tumia saa, si vituo. "Nitameza tukifika" ndiyo njia ya kuruka dozi.

Umeme umezimika behewani. Tufanye nini?

Taa hafifu zinazobaki hutumia betri za behewa, na betri hizo huisha baada ya saa chache. Kiyoyozi hakitumii betri. Madirisha yanayofunguka yafunguliwe pande zote mbili, mapazia ya upande wa jua yashushwe. Kama hayafunguki, waombeni wahudumu wafungue milango ya upande salama na waisimamie. Msiifungue wenyewe.

Watoto wachanga, wazee na wajawazito wasogezwe panapopita hewa. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kutapika au kuacha kutoka jasho kwenye joto, hiyo si uchovu. Mwite mhudumu mara moja, mlegezeni nguo, mlowesheni maji na kumpepea.

Na choo?

Choo hufa kimyakimya, na hufa mapema. Vyoo vya kisasa vya kunyonya hutegemea umeme na hewa ya kubana. Umeme ukikatika, havivuti. Vikiwa na tangi la uchafu, tangi hilo lilipimwa kwa safari ya kawaida, na likijaa hujifunga lenyewe. Vile vya zamani vinavyomwaga chini kwenye reli haviruhusiwi kutumika treni ikiwa stesheni, nawe umekwama stesheni saa tatu. Kwa hiyo tumia choo kabla ya stesheni kubwa, na mara unaposikia umeme umetetereka. Maji ya bomba la behewa si ya kunywa, hata kama yanaonekana safi.

Tumesimama porini saa mbili. Naweza kushuka?

Usishuke mpaka wahudumu waseme, na waseme pia upande upi. Huonekana kama urasimu hadi ufikirie kilichopo chini. Ngazi ya mwisho inaweza kuwa mita moja au zaidi juu ya kokoto zinazoteleza. Reli ya pili inaweza kupitiwa na treni ambayo dereva wake hana habari kuwa kuna watu, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa treni huhitaji mamia ya mita, pengine kilomita nzima, kusimama. Waya uliodondoka waweza kuwa na volti 25,000, na umeme huo haungoji uguswe. Kuna reli pia zenye umeme chini, kwenye reli ya tatu.

Halafu kuna hili: mtu mmoja akionekana relini, mwongoza treni husimamisha treni zote za eneo hilo. Aliyeshuka kuvuta hewa amewaongezea wenzake saa nyingine.

Miguu inavimba. Ni kawaida?

Kuvimba kidogo kwa miguu yote miwili ni kawaida. Kilicho muhimu ni damu kuganda kwenye mishipa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa hatari hiyo huongezeka takriban maradufu baada ya kukaa safarini saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, treni, basi au gari, ingawa bado ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Treni ina nafasi ya kutembea. Itumie kila saa moja au mbili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana, hapo tafuta daktari hata baada ya safari.

Nina ndege au treni nyingine ya kuunganisha. Niache nafasi kiasi gani?

Kwanza angalia tiketi. Kama safari zote ziko kwenye tiketi moja, aliyekuuzia ana wajibu wa kukufikisha, na ukikosa ya pili atakutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, hasara ya ya pili ni yako, hata kama ya kwanza ndiyo iliyokuponza.

Kwa tiketi tofauti, usitumie wastani. Tazama treni hiyohiyo ilifika saa ngapi siku 14 zilizopita, kama taarifa zipo, kisha chukua siku mbaya kuliko zote ukiacha moja. Ikiwa hiyo ni saa tatu, acha saa nne. Kwa ndege ya kimataifa, baada ya treni ya usiku kucha, lala mji huo usiku mmoja. Chumba ni rahisi kuliko tiketi mpya. Na usiipange safari ikategemea treni ya mwisho ya siku.

Ukiona umeshakosa, piga simu kabla ya muda wa kuondoka kupita. Tiketi nyingi zinabadilika mpaka dakika hiyo, na baada yake zinakuwa karatasi.

Ratiba inaandika 00:15 Jumapili. Nifike lini?

Fika Jumamosi usiku. Ratiba za reli hutumia saa 24 na siku mpya huanza saa sita usiku, wakati katika mazungumzo yetu huo ni usiku wa kuamkia Jumapili. 00:15 ni saa sita na robo usiku huo. Aliyefika Jumapili usiku amechelewa saa 24, na hakuna fidia yake. Kwa saa nyingine, 20:40 ni saa mbili na dakika arobaini usiku. Unapopiga simu kuuliza, taja siku, tarehe na "asubuhi" au "usiku", vinginevyo mtajibizana saa mbili tofauti.

Nina haki ya fidia?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa.

Umoja wa Ulaya una kanuni namba 2021/782, inayotumika tangu Juni 2023. Ukifika umechelewa dakika 60 hadi 119, unadai asilimia 25 ya nauli; dakika 120 na zaidi, asilimia 50. Kuchelewa kukitarajiwa kufikia dakika 60, unaweza kuchagua kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine, na upewe chakula na kinywaji kulingana na muda wa kusubiri, na mahali pa kulala ikibidi. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 3. Wanaweza kukupa vocha, lakini ukiomba pesa wanapaswa kutoa pesa. Hali ya hewa isiyo ya kawaida inaweza kuwaondolea fidia. Mgomo wa wafanyakazi wao wenyewe hauwaondolei.

Uingereza hutoa fidia kuanzia dakika 15 au 30 kutegemea kampuni, na kwa kawaida unadai ndani ya siku 28. India, treni ikichelewa zaidi ya saa 3 kwenye stesheni yako ya kupandia na ukaamua kutosafiri, unarudishiwa nauli yote, lakini ombi lazima uliwasilishe kabla treni haijaondoka hapo. Ukipanda tu, haki hiyo imekwisha. Japani, treni ya kasi ikifika imechelewa saa 2 au zaidi, ile nauli ya ziada inayolipiwa kasi hurudishwa. Marekani hakuna fidia iliyowekwa kisheria. Unaomba, nao wanaamua.

Pasipo sheria maalumu, soma masharti ya tiketi, sehemu ya kuchelewa na kufutwa. Usianze na "fidia". Anza na "kurudishiwa nauli" au "kubadilishiwa safari", ambazo mashirika mengi huzikubali kwa urahisi zaidi.

Nihifadhi ushahidi gani?

Piga picha za tiketi pande zote mbili (kabla mkaguzi hajaichukua), ubao wa matangazo unaoonyesha kuchelewa, na saa ya stesheni ulipofika. Andika namba ya treni, namba ya behewa na kiti, saa ya kusimama na ya kuondoka. Kwa saa ya kufika, andika pale mlango unapofunguliwa, si pale kituo kinapoonekana kwa mbali. Weka risiti za chakula na chumba. Omba pia cheti cha kuchelewa. Japani hutolewa kama jambo la kawaida, na kwingine msimamizi anaweza kukugongea muhuri nyuma ya tiketi. Mwajiri na ofisi ya mitihani huamini muhuri kuliko maelezo.

Safari imekatishwa, tunahamishiwa mabasi. Nizingatie nini?

Treni ya mabehewa 12 inaweza kuwa na abiria 700; basi linachukua kama 50. Ni mabasi 14, na hayatafika pamoja. Kama una mgonjwa, mtoto mchanga au safari ya kuunganisha, mwambie msimamizi mapema, kabla foleni haijaanza. Hesabu mizigo yako kwa sauti unaposhuka na unapopanda. Uliza basi linaishia wapi: stesheni ileile ya tiketi yako, au mahali treni nyingine inaposubiri? Tiketi usiitupe, utaionyesha tena. Na kama mzigo wako uliandikishwa kwenye behewa la mizigo, uliza utakujaje, maana mara nyingi hauji na basi lako. Stakabadhi yake ndiyo utakayoitumia kuudai.

Tutafika saa nane usiku badala ya saa mbili. Nijipange vipi?

Anayekupokea mwambie stesheni ambayo treni imeipita mwisho na saa ilipoipita, asikimbilie stesheni kwa kufuata ratiba. Tafuta chumba au usafiri ukiwa bado na mtandao, ukiwa njiani, si jukwaani ambako abiria wote wanapiga simu kwa wakati mmoja. Kama hakuna kilichopatikana, ulizia kama chumba cha kusubiria kitakuwa wazi. Baadhi ya treni zinazoishia hapo huruhusu abiria kubaki behewani hadi alfajiri; muulize msimamizi kabla hamjafika, maana taa zikishazimwa na milango ikafungwa, treni inapelekwa kusafishwa.